Kufuta na Kuziba

Doa lilianza dogo kama sarafu. Nililiona asubuhi kwenye sakafu ya uani, chini ya pikipiki yangu, nikalifunika kwa mchanga, nikaenda zangu kazini. Baada ya wiki mbili lilikuwa kubwa kama sahani, na mama mwenye nyumba akaniita kwa ile sauti yake ya mwisho wa mwezi: "Mwanangu, hiyo mashine yako inakojoa kwangu kila siku. Itafutie dawa."

Dawa niliyokuwa nayo kichwani ni kuiuza. Kodi ya miezi 6 ilikuwa inanisubiri, na Jumamosi alikuwa anakuja kijana mmoja kutoka Mbagala aliyetaka kuanza kazi ya bodaboda. Kijiweni washikaji wakanipa ushauri wa bure: "Ipige maji, ifute na petroli, ing'ae. Akija hataona hata tone. Akishaondoka nayo, shauri yake. Dili ni dili, bwana."

Usicheke, msomaji. Ushauri huo una wazee wake. Cicero wa Roma, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliwapambanisha wanafalsafa wawili juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu. Diogenes wa Babeli alidai kuwa kuficha ni kitu kimoja na kunyamaza ni kingine. Muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Mwanafunzi wake Antipater akapinga: kumwacha mwenzako aingie hasarani kwa kutojua, na wewe unajua, ni kubaya kuliko kukataa kumwelekeza aliyepotea njia. Duka linaloandika kwenye risiti "mali ikiuzwa hairudishwi" liko upande wa Diogenes. Hata mimi nilikuwa huko, mpaka Ijumaa jioni nilipoanza kufuta.

Oili hushuka kwa uzito wake, na pikipiki ikikimbia, upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo unapoiona sipo inapotokea. Mwezi mzima nilikuwa nailaumu boliti ya chini ya kumwagia oili, nikiikaza kila Jumapili. Safari hii niliosha injini yote kwa mafuta ya taa na sabuni, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya mtoto, nikaiwasha kwa dakika 10. Poda haina upendeleo. Ilianza kulowa juu kabisa, kwenye ukingo wa kifuniko cha klachi, mahali palipopakwa silikoni nyeusi kwa nje, imefanana na uchafu hata sikuwahi kuitambua.

Silikoni ile sikuipaka mimi. Aliyeniuzia ndiye aliyeipaka, akaifuta injini ikang'aa, akanyamaza. Kumbe mimi nilikuwa mtu wa pili katika foleni, na sasa namtafuta wa tatu.

Tena si injini peke yake. Injini ndogo kama hii hubeba oili ya lita moja hivi. Ikipungua dereva asijue, pistoni inakwaruza silinda, injini inanoki, na mkopo unabaki. Oili ikifika kwenye tairi la nyuma, kona inakataa. Na nyuma ya kijana yule atakaa abiria, labda mama na mtoto wake, watu ambao hawakuikagua pikipiki wala hawakunipa hela. Wanafalsafa wale wawili walibishana juu ya muuzaji na mnunuzi. Abiria hawakumweka.

Jumamosi alfajiri nikamwaga oili kwenye dumu, nikafungua kifuniko, nikaikwangua gasketi ya zamani taratibu, maana ukichimba alumini kwa bisibisi umeifungulia oili mlango mwingine. Gasketi mpya ya karatasi ikakaa. Nikakaza boliti kwa kuvuka upande huu na ule, kidogo kidogo. Ya mwisho nikaipa nguvu za mtu asiyelala. Ikazunguka bure. Meno ya tundu yametoka! Nikajaza oili, nikawasha, nikapaka poda. Ikabaki kavu.

Hapo swali likabadilika. Injini imekauka kwa haki, sikufuta, nimeziba. Boliti moja haishiki, lakini pengine itamaliza miezi bila kuvuja. Ninyamaze? Nikajipima hivi: akiniuliza kama boliti zote zinashika, nitamjibu kwa raha, au sasa hivi naomba asiulize? Nikajikuta naomba.

Nadhani mpaka uko hapo. Si lazima nimweleze mnunuzi kila kitu. Sikuwa na haja ya kumwambia kwamba naichukia rangi ya tangi lake. Lakini ukimya unaoomba usiulizwe umeshakuwa neno, tena neno la uongo. Waarabu walitupa neno "aibu". Kwao ni kasoro, na sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali yenye aibu iliyofichika. Sisi tukalitoa neno kwenye mali, tukaliweka usoni mwa mtu. Naona hatukukosea.

Kijana alifika saa 4. Nikamwonyesha boliti. Akachuchumaa, akaigusa, akanitazama kwa muda. "Kaka, kama unaniambia hilo dogo, kubwa unaloficha ni lipi?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Akaondoka kwa daladala.

Kijiweni walinicheka siku mbili, na sitaki kujifanya haikuniuma. Jumatatu fundi alilitoboa tundu, akatia bushi yenye meno mapya. Hela ya chakula ikaenda. Kodi nikamwomba mama mwenye nyumba nilipe kwa mafungu. Akaitazama sakafu kwanza, ndipo akakubali.

Pikipiki bado inauzwa. Haivuji. Lakini doa la zamani halijatoka kwenye saruji. Nimelisugua kwa sabuni ya unga, lipo. Kila anayekuja huliona kabla hajaiona pikipiki, nami huanza kusimulia kabla hajauliza.