Hiari Yenye Deni

Hiari yashinda utumwa, ndivyo tulivyofundishwa, na methali hiyo inatuzoesha kudhani kwamba penye hiari utumwa hauwezi kuingia. Utumwa mamboleo unaingia kwa mlango huohuo wa hiari. Kijana wa Kilifi anayekwenda Doha kulinda geti la hoteli hakukamatwa na mtu. Alimtafuta wakala mwenyewe, akashughulikia pasipoti, akapimwa afya, akakopa, akatia saini. Kila hatua aliichagua. Miezi michache baadaye anajikuta mahali ambapo hawezi kukaa kwa heshima wala kuondoka.

Kampuni iliyomwajiri ikiulizwa, jibu lake huwa fupi: alikuja kwa hiari yake. Jibu hilo linastahili kuchunguzwa kuliko mengine yote, kwa sababu si uongo.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaitambua kazi ya kulazimishwa kwa mambo mawili: mtu anaifanya chini ya tishio la adhabu, na hakujitolea kuifanya kwa hiari. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu milioni 27.6 walikuwa katika hali hiyo mwaka 2021. Wengi wakilisoma hilo jambo la pili huitazama siku ya kusaini mkataba. Mimi naamini hiari haimalizwi siku moja. Inapaswa kuwapo kila asubuhi mtu anapovaa sare, na dalili yake ni kwamba angeweza kuivua na kwenda zake. John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba mtu hawezi kuutumia uhuru wake kujiuza utumwani, maana tendo hilo linakiua kilekile kilicholihalalisha. Lakini Mill alimfikiria mtu anayejiuza akijua anachofanya. Kijana wetu hakujiuza. Alikopa.

Kwenye deni ndipo penye kiini cha jambo. Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, lakini nchi nyingi hazijauridhia, na ada zinaendelea kutozwa. Familia inauza ng'ombe, inaweka shamba rehani, shangazi anachukua mkopo wa kikundi. Mshahara ukitoka pungufu ya ulioahidiwa, deni halipungui nao. Mwajiri akiishika pasipoti, hilo ni kufuli la pili tu. La kwanza lilishafungwa nyumbani.

Na tazama kinachomfunga mtu huyu. Tapeli angetoroka. Aliyelelewa akijua kwamba dawa ya deni ni kulipa anabaki, anasimama zamu ya saa 12, kisha anampigia mama yake na kumwambia mambo ni mazuri. Anayemtumikisha anategemea uaminifu wake, aibu yake, mapenzi yake kwa waliomdhamini. Bila tabia hizo njema deni lisingekuwa na nguvu yoyote juu yake. Sioni udhalimu mkubwa kuliko huu wa kuugeuza wema wa mtu kuwa kamba ya kumfungia.

Kampuni za huduma ziko karibu na jambo hili kuliko zinavyokiri. Kiwanda cha nguo kinaweza kusema pamba ilitoka mbali. Kampuni ya usafi, ulinzi au upishi inauza saa za watu, na mnyororo wake wa ugavi ni watu watupu: ajenti wa kijijini, wakala wa mjini, mkandarasi, mkandarasi wa mkandarasi, na mwishoni mwanamke mwenye ufagio kwenye korido ya benki. Wakubwa wanamwona kila siku na pengine wanamsalimia. Wanachodai hawakijui ni masharti ya kazi yake.

Wanayajua kwa hesabu. Zabuni inapotolewa kwa bei isiyofikia mishahara ya kisheria, likizo, bima na sare, bei yenyewe imeshatoa taarifa. Aliyeisaini ameambiwa kwamba kuna mtu atapunjwa, ameepushwa tu kulijua jina lake. Kutojua huko kumenunuliwa, na kila mkandarasi anayeongezwa katikati hukunenepesha bila kumpunguzia mwenye zabuni wajibu wowote.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inaitaka kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe taarifa ya hatua ilizochukua dhidi ya utumwa katika shughuli na ugavi wake. Inairuhusu pia iandike kwamba haikuchukua hatua yoyote, na hapo itakuwa imeitii sheria. Ufaransa mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi: kampuni kubwa lazima ziwe na mpango wa uangalizi, na zinaweza kudaiwa fidia kwa madhara ambayo mpango huo ungeyazuia.

Taarifa nyingi za kampuni hujivunia namba ya simu ya malalamiko. Nikizisoma naikumbuka Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akaifuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake mbele ya mahakama, na fidia ilikwenda kwa bwana wake. Mzigo aliachiwa mnyonge kuliko wote. Namba ya simu inafanya vivyo hivyo. Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya nchini Qatar, aliandika kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji kwa jina la kubuni. Mei 2021 alikamatwa na kuwekwa kizuizini karibu mwezi mzima. Aliyeziona habari hizo hapigi simu ya malalamiko, hata ikiwa ya bure.

Ndiyo maana kinga ya kweli ianze na uwezo wa mtu kuondoka. Kampuni imuulize kila mfanyakazi, kwa lugha yake na msimamizi akiwa mbali, alimlipa nani na kiasi gani ili apate kazi, kisha imrudishie. Imwachie pasipoti yake. Anayetaka kuacha kazi alipiwe nauli yake ya kurudi bila kudaiwa sababu. Mambo haya yataipandisha bei ya zabuni, sikatai. Meneja wa manunuzi aliyezoea kuchagua bei ya chini atalazimika kuieleza bodi kwa nini mwaka huu usafi umegharimu zaidi, na bodi italazimika kumuuliza ile nafuu ya miaka iliyopita ilitoka mfukoni mwa nani.