Kofia ya Mchango na Kilemba cha Ukoka

Pale Nyakanazi, magari yanapoachana kwenda Kahama, Kibondo na Rusumo, niliwahi kusimama nikitazama watoto wakicheza chandimu. Dogo mmoja akafunga la tatu, akaudaka mpira wa makaratasi, akautia kwapani na kuanza kuondoka.

"Hatriki! Mpira wangu!"

Wenzake wakamzingira. "We, sasa sisi tutachezea nini?"

Swali hilo sijaachana nalo mpaka leo. Ushindi ni wa nani hasa?

Neno hatriki tunalisikia redioni kila ligi inapochezwa, lakini halikuzaliwa kwenye soka. Ni la kriketi. Mwaka 1858, mjini Sheffield, Uingereza, mrushaji aitwaye H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji 3 kwa mipira 3 mfululizo. Watu wakachanga fedha, wakamnunulia kofia. Ndiyo maana hadi leo neno lenyewe lina kofia ndani yake. Lilipohamia kwenye soka kofia ikasahaulika, ikaja desturi ya mfungaji kuondoka na mpira.

Tofauti si ndogo. Kofia mtu anavishwa na wengine, baada ya wao kuingiza mikono mifukoni. Mpira anajibebea mwenyewe.

Utaniambia: lakini si ndiye aliyefunga? Kweli. Mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni alifunga mabao 3, na heshima yake ni halali kabisa. Ila Jumanne Hassan 'Masimenti' alifunga 2 siku hiyohiyo. Vijana wangapi wa leo wanamtaja? Na aliyetoa pasi je? Sifa tukimbebesha mtu mmoja, kuna wengine tunawapunja.

Hata hivyo, dawa si kumnyima aliyefanya vizuri. Waswahili walilijua hili kabla ya Sheffield kutufikia. Fundi akimaliza kumfunza mwanafunzi hupewa kilemba, na anayekitoa ni yule aliyefaidika. Na lugha hiyohiyo ikatuonya kuhusu kilemba cha ukoka: sifa ya uongo, iliyosukwa kwa majani, ambayo haimgharimu mtoaji chochote na jioni imeshanyauka.

Basi nadhani kipimo ni hiki: heshima ya kweli humgharimu kitu anayeitoa. Inaweza kuwa shilingi, au muda, au kukiri tu kwamba bila fulani nisingefika. Zaidi ya hapo ni makelele. Na anayejitwalia heshima mwenyewe, hata kama anastahili, anawanyima wenzake nafasi ya kumpa, na pengine anawaua na mchezo wenyewe.

Dogo wa Nyakanazi aliurudisha mpira, wakaendelea. Hakuna aliyempa kitu. Mimi nilimpigia makofi kwa nguvu, nikamwita fundi, kisha nikapanda gari nikaenda zangu. Mfukoni nilikuwa na chenji.

Ukoka mtupu.