Kusafiri kwa Macho Peke Yake

Siku hizi kijana aweza kuketi barazani kwa baba yake, simu mkononi, akaingia katika pango la Ulaya au akapanda mlima asioujua. Hakulipa nauli, hakuchafua hewa kwa moshi wa ndege, wala hakukanyaga jani moja. Kwa hiyo vijana wengine husema ya kuwa safari hiyo ndiyo njema, maana haiharibu kitu. Wenzao huwacheka: aliyetazama chakula amekwisha kushiba? Je, ni nani kati yao asemaye kweli?

Msomaji na atazame kwanza pango la Lascaux, katika nchi ya Ufaransa. Vijana wanne walilivumbua mwaka wa 1940, wakakuta ukutani michoro ya farasi, kulungu na mafahali, kazi ya watu wa kale sana. Tangu 1948 wageni waliingia, hata kupita elfu moja kwa siku. Hawakuja kwa nia mbaya, walipumua tu. Lakini pumzi zao na joto la miili yao viliotesha vimea vya kijani juu ya ukuta, ikawa lazima pango lifungwe mwaka wa 1963. Tangu 1983 wageni huonyeshwa mfano wake uliojengwa karibu, na siku hizi hata mtu wa mbali hulizuru kwa picha. Hapo neno la vijana ni haki kabisa. Ajuaye ya kuwa pumzi yake yaharibu, kisha akadai kuingia kwa kuwa ana fedha, haipendi michoro ile, ajipenda mwenyewe.

Lakini msitu si pango. Katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, gorila wa milimani waweza kuambukizwa mafua na watu, na mafua yaliyo mepesi kwa mtu yaweza kumwua mnyama. Ndiyo sababu mgeni aliyewaendea alifunikwa kinywa na pua, akasimama mbali, akapewa saa moja tu. Mbona basi asikatazwe kabisa, atosheke na picha? Kwa sababu fedha zake zilisaidia kuwalipa walinzi, na kazi yao si mchezo: zaidi ya 200 wameuawa tangu hifadhi ianzishwe. Mwaka wa 2020, kwa hofu ya ugonjwa wa korona, hifadhi ilifungwa. Gorila walikingwa na pumzi za wageni, lakini mapato yaliyotoka kwa wageni hao yalikatika. Mtazamaji wa picha hakumdhuru mnyama. Hakumlipa mlinzi pia, wala hakununua viazi vya mama aliyekatazwa kukata kuni katika msitu ule.

Tena kuna jambo ambalo wabishanao hulisahau. Kabla ya 2020 kibali cha kuwaona gorila hao kilifika dola 400. Kijana wa Rutshuru, mwenye shamba jirani na hifadhi, mara nyingi amewaona katika picha tu, sawasawa na kijana wa Brussels. Yule wa Brussels akisema, «Nimeacha kwenda ili nisiharibu», amejinyima kitu. Huyu wa Rutshuru hajaulizwa bado kama ataka kwenda.