Mtaa Mzuri ni Upi?



Swali hili huulizwa kila siku hapa Dar es Salaam, na mara nyingi huulizwa dalali. Kijana amepata kazi, au amefunga ndoa juzi, au mwenye nyumba amempandishia kodi, basi anauliza, "Mtaa gani mzuri wa kukaa?" Dalali hamcheleweshi, maana jibu analo tayari: mtaa mzuri ni ule ambao yeye ana chumba kinachongoja mpangaji. Atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja juu yake iwe ujira wake, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Lakini naona swali lenyewe ni kubwa kuliko dalali. Ndani yake yamo mawili. La kwanza, mzuri kwa nani? La pili, ambalo hatupendi kuliuliza, je, mtu ana haki ya kujichagulia pazuri na kuwaachia wenzake pabaya?

Tuanze na hilo neno "mtaa mzuri". Wengi wetu hudhani ni jambo la macho tu: barabara ya lami, miti, nyumba zenye nafasi kati yake. Hayo ni kweli, lakini yana historia. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina za nyumba. Waingereza walioingia mwaka 1916 wakaendeleza mgawanyo ule hata mji ukawa na sehemu tatu. Kanuni ziliongea habari za majengo, wala hazikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu, kwa kuwa ilijulikana wazi nani aweza kujenga nyumba ya namna gani. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mahali walipopiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps, ndipo tunapopaita Kariakoo mpaka leo. Na viwanja vya Mnazi Mmoja havikuachwa wazi ili watu wapunge upepo tu. Vilikuwa mpaka baina ya Uhindini na Kariakoo.

Kwa hiyo tunaposema Masaki ni pazuri na Manzese ni pabaya, sehemu ya hukumu hiyo tuliandikiwa na watu waliokwisha kuondoka zamani. Mifereji na taa zilipelekwa upande mmoja, kisha watu wa upande wa pili wakaambiwa kwamba mtaa wao ni mchafu. (Hata neno "uswahilini", mtu akilitamka huku amekunja pua, sijui anamkunjia nani kama si bibi yake aliyemlea.)

Halafu mji umekua. Katika sensa ya mwaka 1967 watu wa Dar es Salaam walikuwa 270,000 hivi. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Hiyo ni karibu mara ishirini, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Wengi wa hao hawakuchagua mtaa. Mtu alishuka kwenye basi na mzigo wake, akafikia kwa mjomba Mbagala au kwa dada Tandale, akapata chumba nyumba ya tatu kutoka hapo, akazaa watoto, akawa mwenyeji. Watu wengi mno wanaishi mahali ambapo mpima ardhi alifika baada ya nyumba, au hajafika bado. Nayasema haya ili tukumbuke kwamba kuchagua mtaa ni neema ya wachache. Nazungumza nasi wenye uchaguzi kidogo: mwalimu, karani, muuguzi, fundi aliyefanikiwa, mfanyabiashara wa wastani.

Sasa tazameni habari ya Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa viwanja na huduma. Ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kupitisha mabomba, ili watu wa kipato kidogo wajijengee wenyewe pole pole. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kiwanja kilichopimwa, chenye njia na maji, ni mali, na mali humfuata mwenye fedha. Si wachache waliogawiwa viwanja vile wakaviuza kabla ya kufikisha nyumba kwenye lenta. Wenye uwezo wakanunua. Leo mtu wa mshahara mdogo akienda Sinza, huenda kama mpangaji wa chumba cha uani, au anapita njia.

Jambo hili lanisumbua kuliko yote katika mada hii. Mtaa ukishakuwa mzuri, wa kwanza kuondoka ni wale ambao uzuri huo ulikusudiwa wao. Wala hakuna aliyetenda dhambi iliyo wazi. Muuzaji aliuza kwa hiari yake, pengine mtoto alikuwa mgonjwa. Mnunuzi alilipa bei waliyopatana. Hata hivyo, tukijumlisha, maskini amesogezwa tena mbali na bomba. Basi yule anayehamia asijidhanie kwamba ameingia kimya kimya. Amekuja na bei yake. Anapojenga ukuta kuziba kichochoro ambacho watu walipitia kwenda kisimani, mtaa umebadilika, na hakuna aliyeulizwa. Simwambii asinunue. Namwambia aulize kwanza njia ya watu inapita wapi, na ukuta ajenge akiwa ameiacha.

Mama mmoja tuliyekaa naye jirani miaka mingi alinikata kauli nilipokuwa nikieleza maneno kama haya. Alisema, "Mwalimu, ujirani mwema hauzuii maji." Naye alisema kweli. Desemba 2011 mvua ilinyesha hata bonde la Msimbazi likafurika, na watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huu. Baadaye waliopoteza nyumba walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mbali, upande wa Bunju. Baadhi yao walirudi bondeni. Watu wengi waliwaita wajinga. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Anayeuza maandazi Ilala kwa watu wanaomfahamu na kumkopesha unga, ukimpeleka mahali pakavu pasipo mteja hata mmoja, umemwokoa na maji ukamtia katika njaa. Alipima hatari mbili akachagua ile inayokuja kwa msimu. Lakini mtu mwenye uwezo wa kwenda pengine, akiwalaza watoto wake kwenye mkondo wa maji kwa sababu kiwanja kiliuzwa rahisi, huyo simtetei. Kadhalika yule anayejenga bila kuuliza mipaka ya barabara: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Nyingine zilikuwa nyumba za watu waliotumia kiinua mgongo chao chote.

Kuna kipimo kingine ambacho hatukitumii, nacho ni saa. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu wa zamani, mtanivumilia. Mwaka uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni karani mjini, na mkewe ni muuguzi. Wamepanga vyumba viwili Buguruni, pamoja na mama yake na watoto wawili. Wana kiwanja Chanika. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Mwalimu, nataka kuwatoa watoto Buguruni. Kelele nyingi, na wanajifunza lugha mbaya. Unaonaje?"

Nikamwambia, "Mwanangu, chukua kalamu." Kwa makisio yake mwenyewe, safari ya kwenda na kurudi kazini ingechukua saa nne kwa siku. Siku tano, saa ishirini kwa juma. Majuma 48 ya kazi, saa 960. Ukigawanya kwa 24, ni siku 40 nzima, usiku na mchana, kila mwaka, amesimama ndani ya daladala. Ataondoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, atarudi saa tatu usiku wamelala. Atakuwa amewajengea nyumba nzuri ambamo hawamwoni. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yamewapunguzia wengine mzigo huu, lakini hayapiti kila njia.

Alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelitia katika hesabu. Mkewe akiwa zamu ya usiku, na yeye amechelewa, watoto hula kwa mama wa chumba cha mbele. Hakuna aliyepanga iwe hivyo; ilitokea tu. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Katika nyumba ya namna ile mtoto wa mmoja akikohoa usiku, wote wanajua.

Sitaki kuzipamba nyumba hizo. Nimekaa humo. Kuna umbea, kuna foleni ya choo asubuhi, na kuna hivyo vigodoro vinavyopigwa hadi alfajiri, ambavyo mimi naona ni adhabu kwa mtoto mwenye mtihani. Anayekimbia hayo hakimbii watu wema. Lakini ukifika msiba utaona tofauti. Uswahilini turubai husimamishwa kabla mfiwa hajajua atasema nini. Wanawake wanachambua mchele, wanaume wanakesha, daftari la michango linapita, hata la asiyesali nasi. Katika mitaa mingine yenye kuta ndefu, jirani huja kujua kwamba kulikuwa na msiba akiona magari yamejaa. Si kwamba watu wa kule hawana moyo. Ukuta umefanya kazi iliyojengewa.

Basi je, mwenye uwezo abaki? Hapa nimefikiri sana, wala sikubaliani na wale wanaosema kwamba kuhama ni usaliti. Mwalimu Nyerere, alipoacha kazi ya kufundisha mwaka 1955, alikaa Magomeni, na nyumba ile ya mtaa wa Ifunda imehifadhiwa mpaka leo. Baadaye alikaa Msasani. Sijui mtu anayesema alikuwa bora zaidi Magomeni. Mzazi anayemtoa mtoto kwenye hatari ametimiza wajibu. Mwenye mgonjwa anayesogea karibu na hospitali amefanya akili.

Ninachotofautisha ni sababu. Kuna kuhama kwenda kwenye kitu, na kuna kuhama ili usiwaone watu fulani tena. Huyu wa pili husema anatafuta utulivu, lakini utulivu anaoutaka ni wa kutoombwa chumvi. Na akiondoka mwalimu, akaondoka muuguzi, akaondoka yule aliyejua kuandika barua kwa mkurugenzi wa manispaa kuhusu mfereji ulioziba, wanaobaki wanabaki na mfereji na hawana mwandishi. Hilo ni deni. Halilipwi lazima kwa kubaki. Laweza kulipwa kwa kurudi kwenye mkutano wa mtaa, kwa kuendelea kuchangia shule ile ile, kwa kutoipangisha nyumba uliyoiacha kwa kodi ambayo wewe mwenyewe isingalikuwezekana zamani.

Sisi tuliozoea Maandiko tutamkumbuka Lutu. Alipewa achague kwanza, akatazama bonde la Yordani, akaona maji na malisho, akaenda. Tunapomhubiri, hulaumu macho yake ya tamaa, na kweli hakuulizia tabia za watu wa kule. Lakini mimi humtazama zaidi Abramu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, naye ndiye aliyesema mwenzake atangulie kuchagua. Katika mji wa watu milioni tano, yule anayeweza kuchagua baada ya wengine, na akakubali kuacha kiwanja chenye bomba kwa mjane, simfahamu hata mmoja. Huenda wapo na hawajisemi.

Nilimwuliza yule kijana kama mama yake ameulizwa. Akacheka kwa aibu kidogo, akasema mama ni mtu mzima, atakwenda watakakokwenda. Nikamwambia mama yake ndiye atakayeshinda huko Chanika kutwa nzima, wao wakiwa kazini na watoto shuleni. Basi kwake yeye huo mtaa ndio maisha yote, na kwao ni mahali pa kulala. Wiki iliyofuata alinipigia simu. Mama amesema anataka kwanza kukiona kiwanja wakati wa mvua, na kukaa asubuhi moja dukani pale kona asikie wanavyoongea. Wamekubaliana kungoja masika, na mama atakwenda nao.