Kijicho na Haki

Unguja ya zamani, nguo ya mtu ilimtangaza. Mwanamke mtumwa alijitanda kaniki, nguo nyeusi iliyotiwa nili. Leso na kanga za rangi zilikuwa za wenye kujiweza. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa, ingawa masuria walingoja mpaka mwaka 1909, na baada ya hapo wanawake wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki wakanunua kanga. Walitaka kuvaa kama walivyovaa mabibi zao. Je, walivunja Amri ya Kumi, ituzuiayo kutamani mali ya watu?

Sisi twajibu kwamba la. Nasi twauliza jambo hili kwa sababu hata leo neno kijicho hutumika kama kofuli la kufungia watu midomo. Kibarua akidai ujira wake aambiwa ana husuda na tajiri. Mjane akidai fungu lake la shamba, shemeji zake wasema, “Jicho lake halishibi.” Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwalaumu wale wanaochochea kijicho cha maskini juu ya matajiri, lakini katika barua ile ile alifundisha ya kuwa ujira haupasi kupungua hata usimtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kujilisha. Wako Wakristo ambao, yaonekana, waliisoma nusu ya kwanza wakalala usingizi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alipambanua mambo haya vizuri. Husuda, alisema, ni huzuni kwa ajili ya jema la mwenzetu, kwa kuwa twaliona kana kwamba lapunguza utukufu wetu. Mtu anayehuzunika kwa sababu yeye mwenyewe amekosa jema lile, huyo hajawa hasidi bado. Na kama jema lenyewe ni wema wa roho, huzuni yake yastahili sifa. Basi padre aliyeketi kitini pa maungamo, akisikia, “Nimetamani mali ya jirani,” anayo haki ya kuuliza: Ulitaka uipate, au ulitaka aikose? Wanawake wale wa mwaka 1897 walitaka kanga. Hatujui kama walitaka mabibi zao wavae kaniki, na aliyetaka hivyo alikuwa na jambo la kuungama, pamoja na haki yake yote. Maana mambo haya mawili hukaa katika moyo mmoja, na hapo ndipo penye ugumu: mwenye kudhulumiwa aweza kuwa na haki tupu mkononi na sumu moyoni.

Tena husuda haipendi kusafiri mbali. Sultani Barghash alipojenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, jumba refu kupita yote mjini, twadhani mchukuzi wa bandarini alilitazama akastaajabu tu, akaenda zake. Kilichomkosesha usingizi ni bati jipya la jirani aliyekuwa akiezeka makuti kama yeye. Twawahusudu walio sawa nasi. Mtoto wa nyumba ya tatu akipata kazi hotelini Nungwi, au akirudi kutoka Maskati na sanduku zito, mtaa mzima huanza kuhesabu. Na siku hizi simu imewafanya watu wote kuwa jirani: karamu na magari ya watu tusiowajua huingia chumbani usiku, twajipima nao, twaamka wanyonge.

Wazee wa pwani walisema hasidi hana sababu. Kwa heshima yao, sisi twaona anayo: aogopa kwamba yeye si kitu. Kumkemea peke yake hakumponyi. Afadhali aanze na kazi ndogo. Mama aliyemaliza Misa pale Minara Miwili, Shangani, apitapo mlangoni pa mwenzake aliyepaka nyumba rangi mpya, ajaribu kusema “Hongera.” Neno litamkwama kooni, na siku ya kwanza litatoka ulimini tu. Na alitoe hivyo hivyo. Mwenzake ameketi barazani tangu asubuhi, akilingojea.