Moshi wa Mabua

Mavuno yakiisha moshi hutanda mashambani. Twachoma mabua, twasema twasafisha shamba. Je, twajua ni kitu gani tunachokipeleka juu?

Nguvu ya jua hupita mara moja tu. Mahindi huipokea, ng'ombe hula mabua, naye hupata nyama kidogo. Nyingine mwishowe hutoka kama joto, wala hairudi. Bali naitrojeni Mwenyezi Mungu ameiwekea njia ya kurudi. Katika sehemu 100 za hewa, 78 ndiyo hiyo, lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani. Kunde na maharagwe huipata kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi, kama Hermann Hellriegel wa Ujerumani alivyoeleza mwaka 1886. Viumbe hao, wadogo hata jicho haliwaoni, hulisha mmea, nao mmea huwapa sukari. Mabua yakioza na samadi ikifukiwa, naitrojeni hubaki udongoni. Moto huitawanya hewani. Jivu hubaki nayo kidogo mno.

Na udongo huo tumekabidhiwa tu. Wajukuu wetu wataudai. Kunde zikitoa maua, ng'oeni mche mmoja, mpasue vinundu vyake: wekundu wa ndani ni dalili kwamba kazi inaendelea.