Mwenye Kuhesabu Kura ni Mtumishi wa Nani?

Wahenga walisema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndugu wawili wakigawana shamba la baba yao, nani atashika kamba ya kupimia? Akiishika mmoja wao, mwingine hatalala kwa amani, hata kama kipimo kilikuwa sawa. Kwa hiyo wazee huita mtu wa tatu, asiye na fungu katika shamba lile.

Yaliyo kweli katika shamba ni kweli pia katika nchi. Wenye kushindania utawala hawapaswi kuhesabu wenyewe kura zao. Ndiyo sababu katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, iliweka katika kifungu cha 211 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ile tunayoiita CENI. Kazi yake ni kuandikisha wapiga kura, kutunza orodha ya majina yao, kusimamia upigaji wa kura na kuzihesabu.

Labda mtu atauliza: Je, watu wa tume hawaletwi na wanasiasa, na kuthibitishwa na Bunge, na kulipwa na serikali? Wawezaje basi kuwa huru? Swali hilo ni la haki. Hakika wengine huletwa na walio wengi Bungeni, wengine na wapinzani, wengine na raia wasio wa chama, nao viongozi wa dini huleta jina la mwenyekiti. Lakini tupambanue vema. Wazee waliomwita mshika kamba hawakumpa amri ya kuipindisha. Na mshahara wake hautoki mfukoni mwa waziri. Hutoka katika kodi, hata ile ya mama auzaye mihogo sokoni.

Mwingine atasema: Basi, kama yu huru, asiulizwe na mtu. Hapana! Uhuru wake si ufalme. Yu huru katika kazi, lakini amefungwa na sheria, naye atatoa hesabu. Mashahidi wa vyama huwapo wakati wa kuhesabu. Matokeo ya kila chumba cha kura yapaswa kubandikwa mahali watu wote waweza kuyasoma. Na mashitaka juu ya uchaguzi wa Rais huletwa mbele ya Mahakama ya Katiba.

Hata hivyo, sheria yaweza kumpa mtu kiti, haiwezi kumpa moyo thabiti. Wala uhuru wa tume hautoshi, watu wasipousadiki. Mwaka 2021 viongozi wa dini nane walishindwa kupatana juu ya mwenyekiti: sita walimkubali mtu mmoja, Wakatoliki na Waprotestanti wakamkataa, wakihofu ya kwamba yu karibu mno na watawala. Bunge likamthibitisha. Hatuhukumu hapa nani alikuwa na haki. Twaona tu jinsi shaka inavyoingia kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Na shaka ni jambo la hatari, kwa kuwa asiyemsadiki mwenye kuhesabu hatakubali kushindwa. Agosti 2006, baada ya matokeo ya kwanza kutangazwa, askari wa pande mbili walipigana Kinshasa, na watu wakafa.

Na sisi wa vijijini, yatupasa nini? Wanaohesabu kura kwetu si wageni. Mara nyingi ni mwalimu wa shule, ni mtoto wa jirani. Siku atakapochaguliwa kwa kazi hiyo, tusimwendee usiku na kuku mkononi, tukisema: Utukumbuke sisi wa ukoo wako. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemnyang'anya uhuru ule ule tunaoudai kwa wakubwa wa Kinshasa. Tumwombe neno moja tu: hesabu aliyoisoma mbele ya watu iwe ndiyo aliyoiandika. Kisha twende tukaisome karatasi, tena tuikubali, hata kama mtu wetu ameshindwa.